Meneja na Zulia la Damu ya Mzee

Kwa miaka thelathini na minane Mzee Futi alitandika mazulia katika nyumba na ofisi za watu, na kwa miaka hiyo yote nyumbani kwake hapakuwa na zulia hata la kufutia miguu. Mke wake hakulalamika. Mgeni akisita mlangoni asijue avue viatu au aingie navyo, alimwambia, "Pita tu, sakafu yetu ni saruji, haina makuu." Mgeni akicheka, Mzee Futi naye alicheka, maana mganga hajigangi, na yeye jioni alikuwa amechoka magoti.

Jina la Futi alilipata kazini, kwa ajili ya futi kamba aliyoivaa kiunoni hata siku za mapumziko. Jina lake lingine lilibaki kwenye vitambulisho.

Siku alipostaafu, ghala la mazulia lilimuaga kwa zulia zima, rangi ya damu ya mzee, nene kiasi kwamba kijiko cha chai kikianguka kilibidi kitafutwe kwa vidole. Alilitandika mwenyewe sebuleni, ukuta hadi ukuta, kwa gundi ambayo kwa maelezo yake ingeweza kushika treni isiondoke kituoni. Kwa unene ule mlango wa sebule ukagoma kufunguka. Akaung'oa, aurande chini kidogo kesho yake. Kesho hiyo sasa ilikuwa na umri wa miaka miwili, na mlango ulikuwa umeegemea ukuta wa uani, kuku wa jirani wakilala juu yake.

Mke wake alilipenda zulia lile bila maneno mengi. Kila asubuhi alilipiga brashi kuelekea dirishani, manyoya yote yakalala upande mmoja, kisha akavua ndala na kulivuka polepole kwenda kufungua pazia. Hapo ndipo siku yake ilipoanza.

Siku ya Mzee Futi haikuwa na mahali pa kuanzia. Kazini alikuwa na vijana sita wanaolipwa mshahara, na katika mshahara huo kulikuwa na sehemu ya kusikiliza visa vyake. Kisa alichokipenda kilikuwa cha bosi mmoja aliyekutwa amelala chini ofisini siku ya kutandika. Mafundi waliogopa kumwamsha, wakatandika wakimzunguka. Bosi alipoamka zulia likabaki na tundu la umbo lake, mikono na miguu, na alipohamishwa kampuni ikahangaika mwaka mzima kutafuta bosi mwingine wa kipimo kile. Nyumbani kisa hicho hakikuwa na soko. "Zamani ulipokisimulia alikuwa karani," mke wake angesema akichambua mchele, "na tundu lilikuwa la kichwa tu."

Ndiyo maana siku moja, alipokwenda kusalimia ghalani na kukuta mbwa wa mlinzi ana watoto wa miezi minne nyuma ya marobota ya mwisho ya mazulia, alirudi nyumbani na mmoja ndani ya mkoba wa vifaa. Alikuwa dume, kahawia, sikio moja limesimama na lingine bado linafikiri. Mzee Futi alimsimulia kisa cha bosi njiani. Mbwa akainamisha kichwa palepale msimuliaji alipotaka kiinamishwe, wala hakuuliza lolote kuhusu karani. Akaitwa Meneja kwa sababu alilala mchana kutwa, alikula kabla ya wengine, na kila alichokifanya kuna mtu mwingine alikisafisha.

Alichokifanya, alikifanya kwenye zulia.

Wiki ya kwanza mke alihesabu madoa matatu. La tatu alilifuta akiwa amevaa nguo za safari, begi liko mlangoni, kwa sababu binti yao alikuwa amejifungua na bibi alikuwa anaitwa kwenda kusaidia.

"Baba watoto," alisema bila kuinuka, "ninakwenda wiki tatu. Huko kuna mtoto mchanga, na akikojoa nitafurahi. Nikirudi hapa nitapiga magoti hivi hivi, ninuse kutoka ukuta hadi ukuta. Nikikuta doa moja la maji, moja, Meneja anarudi ghalani."

"Ghalani watamtia mnyororo. Wanataka mbwa wa kubweka, huyu hajui kubweka."

"Basi mfundishe. Vijana umefundisha wangapi?"

"Sitini na kitu."

"Ishirini na wawili. Na hao hakuna aliyekojoa kazini."

"Yuko mmoja," Mzee Futi alianza.

"Gari langu hilo," mke wake akasema, akachukua begi.

Mzee Futi alibaki na mbwa, zulia na wiki tatu. Kufundisha alikujua kwa njia moja, ile aliyofundishwa yeye: fundi mkuu alikuwa akiona mshono umepinda, anamshika aliyeupinda shingoni na kumwinamisha hadi pua iguse mshono. Kwa hiyo kila alipokuta kidimbwi alimtafuta Meneja, akamshika shingoni, akamwonyesha, akamkaripia kwa sauti iliyofika barabarani. Siku ya nne mabadiliko yakaonekana. Meneja aliacha kukojoa katikati ya sebule. Alianza kukojoa nyuma ya kochi.

"Anajua amekosa," Mzee Futi alimwambia jirani. "Ndiyo maana anajificha."

Jirani alikuwa mkunga mstaafu, rafiki wa mke wake, mwanamke mwenye mikono mikubwa na subira ndogo. Alikuwa upande wa pili wa ukuta mfupi wa uani, anaanika shuka.

"Shemeji, ulimkuta anakojoa, au ulikuta mkojo?"

"Nilikuta mkojo. Kuna tofauti?"

"Ya nusu saa. Wewe ukipigwa leo kwa kosa la Jumanne, utajuaje umepigwa kwa nini?"

"Ningekumbuka."

"Wewe unakumbuka hata mambo ambayo hayajatokea. Huyo ni mbwa. Anachojua ni kwamba ukiwepo wewe na mkojo ukiwepo, yeye anaumia. Kwa hiyo anahakikisha wewe hupo." Akabana shuka kwa kibanio. "Mimi nimezalisha watu wa mtaa huu wote, pamoja na wanaojiona wakubwa. Sijapata kuona aliyezaliwa anajua choo kiko wapi."

Akampa masharti, akiyahesabu kwa vibanio. Mbwa akiamka, nje. Akimaliza kula, nje. Akimaliza kucheza, nje. Akianza kunusa chini na kujizungusha kama mtu aliyeangusha sindano, acha unachofanya, nje. Akikojoa huko, msifu palepale na umpe kipande cha nyama. Palepale, si baada ya kurudi jikoni, maana hapo utakuwa unamlipa kwa kurudi jikoni. Akikosea ndani, funga mdomo, safisha kwa siki na maji ya vuguvugu hadi harufu ife, kwa kuwa harufu kwa mbwa ni kibao cha choo.

Mzee Futi aliyafuata yote. Kasoro ni kwamba aliongeza na lake.

Katika stoo alikuwa na vipande vya mazulia thelathini na kitu, masalio ya kazi za miaka mingi, alivyovitunza kwa sababu huenda siku moja vingefaa. Fundi bomba angefunika zulia la mke wake kwa nailoni. Mshonaji angelifunika kwa turubai. Mzee Futi alijiambia kwamba dawa ya moto ni moto, akalifunika zulia kwa mazulia. Alivipanga vipande kitaalamu, kingo zimekutana, hadi sebule ikawa kama shati la viraka. Vilivyozidi alivitandika koridoni na chini ya meza ya chumbani, ikiwa mkojo utatanga.

Ukatanga. Meneja alikojoa koridoni, akakojoa chumbani, sebuleni akakojoa kwa zamu, kipande hiki asubuhi, kile mchana, kama karani anayepiga mihuri. Nje hakufanya kitu. Mzee Futi alisimama naye uani kila baada ya kila kitu, kama alivyoagizwa, miguu yote miwili na yote minne ikiwa juu ya udongo. Meneja alinusa, alifukuza kuku, alikaa akasikiliza kisa cha bosi na vingine viwili. Dakika arobaini zikapita. Wakiingia ndani tu, kabla mlango haujafungwa, mbwa alikimbilia kipande cha karibu, akachuchumaa kwa uso wa mtu aliyefika nyumbani.

"Ananidharau," Mzee Futi alisema.

"Hakujui vya kutosha kukudharau," Mkunga alisema. "Anajua vizuri kitu kingine. Hatujakijua tu ni nini."

Kufikia Jumatatu ya wiki ya pili nyumba ilinuka. Mzee Futi alipoinua vipande vya karibu na kochi alikuta viwili vimepitisha maji hadi chini. Alipiga magoti na siki akasugua hadi jioni, akinusa kama mke wake atakavyonusa. Siku iliyofuata gari la taka lilipopita alibeba vipande vyote thelathini na kitu, akavitupia humo bila kubakiza hata kimoja, na vijana wa gari wakasimama kutazama. Kisha akafukuza kuku, akauchukua mlango, akauranda chini, akaurudisha kwenye bawaba zake. Kazi iliyomsubiri miaka miwili ilikwisha kwa dakika hamsini. Sebule ikafungwa.

Asubuhi ya Jumatano jikoni kulikuwa kukavu. Koridoni kukavu. Mzee Futi alifurahi, akampigia mke wake simu kumwambia kwamba mambo yanakwenda.

"Yanakwenda wapi?" mke wake akauliza. Nyuma yake mtoto mchanga alikuwa akilia.

"Mbele."

Saa nne Meneja alikuwa bado hajakojoa. Saa sita alikuwa anakwaruza mlango wa sebule na kulia sauti nyembamba kama bawaba. Alipelekwa uani, akatembea amekaza mgongo, akarudi kwenye mlango uleule. Saa nane hakutaka kula. Mzee Futi akamwita Mkunga, naye akapita langoni bila kuvua kitenge cha jikoni, akapiga magoti, akaweka viganja viwili kwenye tumbo la mbwa kama alivyoweka kwenye matumbo mengi.

"Kibofu kimejaa kama mpira," alisema. "Akishindwa kuvumilia akakojoa hapa jikoni, si kitu. Wasiwasi wangu ni akiendelea kuvumilia. Ataumwa."

"Kwa nini avumilie? Uani kote ni kwake."

"Muulize."

Mzee Futi hakuwa mtu wa kuuliza. Kazi ikimkataa alikuwa na desturi moja, nayo ilikuwa kurudi kwenye ramani. Alichukua karatasi, akachora nyumba kwa kipimo, sebule, koridoni, chumba, jikoni, uani, kama anayeandaa kazi ya mteja. Kisha akaanza kuweka alama ya msalaba kila mahali alipokuta mkojo tangu mbwa afike. Kumbukumbu yake, ambayo kwenye visa iliongeza, kwenye vipimo haikupunguza. Zilitimia alama ishirini na tatu.

Jikoni hapakuwa na hata moja. Aliitazama jikoni ile kwenye karatasi kwa muda mrefu. Mbwa alikuwa akishinda humo kutwa, karibu na sufuria, juu ya saruji tupu, na hajawahi kudondosha tone. Alama za koridoni zilianza siku alipotandika vipande koridoni. Za chumbani, siku alipotandika chumbani. Akachukua penseli nyingine, akachora mazulia. Misalaba yote ishirini na mitatu ikaingia ndani yake.

"Ulisema alizaliwa wapi?" Mkunga akauliza, akiangalia juu ya bega lake.

"Ghalani. Nyuma ya marobota."

"Miezi minne amekulia juu ya nini?"

"Mazulia."

"Basi kwake hicho ndicho choo. Udongo hajui ni wa nini. Labda anadhani ndio mali yako nzuri unayoogopa ichafuke." Alijizuia kidogo, kisha akashindwa. "Na wewe, shemeji, wiki nzima ulikuwa ukimtandikia vyoo nyumba nzima."

Mzee Futi alipiga simu ghalani kuomba kipande chochote. Mlinzi alimwambia kwamba marobota yale yameshauzwa, siku hizi wanauza vigae, na kipande cha mwisho cha zulia kimefunikia pikipiki ya mhasibu, mwenyewe amesafiri nayo. Gari la taka lilikuwa limeshafika linakokwenda. Mkunga akaleta gunia na taulo kuukuu, wakavitandaza uani. Meneja akavikanyaga, akavinusa, akashuka kwa adabu na kurudi mlangoni. Mtaa mzima ulikuwa na zulia moja lililosalia, nalo lilikuwa nyuma ya mlango uliotoka kurandwa.

Angeweza kuufungua tu. Mbwa angemaliza shida yake kwa nusu dakika, naye angesafisha kwa siki, na kesho ingekuwa kama jana hadi siku ya mke kupiga magoti. Alisimama na mkono kwenye kitasa akiyafikiria hayo. Kisha akaenda stoo kuchukua kisu.

Alichagua chini ya kabati la vyombo, mahali ambapo hapajaonwa na jicho la mtu kwa miaka miwili. Walitoa sahani na bilauri moja moja, wakazipanga mezani. Mkunga akashika upande mmoja wa kabati.

"Mimi sipo hapa," alisema. "Niko kwangu, naanika nguo."

"Vuta kushoto kidogo."

"Ningekuwepo ningevuta."

Alipima futi tatu kwa mbili. Aliweka rula ya chuma, akapitisha kisu mara moja, bila kurudia, pande nne. Kukata kulikuwa rahisi. Kubandua kulimchukua saa nzima kwa patasi, kwa kuwa gundi ilishika kama alivyokuwa akiisimulia, na kwa mara ya kwanza Mzee Futi alilazimika kuamini moja ya hadithi zake. Alipotoa kipande, saruji ikaonekana chini, kijivu, mstatili uliokaa vizuri. Wakarudisha kabati. Hapakuonekana kitu.

Uani alikisugua kile kipande kwa kitambaa alichofutia mkojo juzi, kibao cha choo kisomeke, akakilaza chini. Meneja alitoka akitembea kama mzee. Alinusa ukingo. Alipanda. Alijizungusha mara tatu, akachuchumaa. Mkunga alihesabu sekunde hamsini na mbili. Mzee Futi, akikisimulia kisa hicho katika miaka iliyofuata, alikuwa ameshafika robo saa na alikuwa bado anapanda.

"Msifu," Mkunga alinong'ona.

"Vizuri, Meneja," Mzee Futi alisema. "Kazi safi." Akampa nyama akiwa bado juu ya zulia.

Kilichobaki kilikuwa hesabu ya kukata. Kila asubuhi alipunguza kipande kwa vidole vitatu kila upande, na kila siku Meneja alikitumia bila kulalamikia kipimo. Kilitoka ukubwa wa meza ndogo kikawa gazeti lililofunguliwa. Siku ya tano Mzee Futi aliona mambo yanakwenda vizuri, akapata tamaa, akakikata nusu kwa mkupuo. Meneja akakitazama, akaingia ndani, akavumilia hadi kibofu kikamshinda, akakojoa jikoni kwenye saruji, macho yake yakimtazama mzee kana kwamba mkataba umevunjwa. Mzee Futi alifunga mdomo, akasafisha. Kisha akakaa kizingitini na sindano ya viatu, akakirudishia ile nusu kwa mshono, na kesho yake akaanza tena kwa vidole viwili.

Gazeti likawa daftari. Miguu ya mbele ilikaa juu ya zulia, ya nyuma ikabaki kwenye udongo, na maji yakaenda kwenye udongo bila mtu kuyaelekeza. Daftari likawa kiganja. Zilikuwa zimebaki siku nne wiki tatu zitimie. Mzee Futi alikadiria kwamba siku tatu zinatosha, kisha kipande kitakuwa hakipo, na kitu kisichokuwepo hakiulizwi.

Mke wake akarudi siku hiyohiyo. Mama mkwe wa binti yao alikuwa amefika kule, na nyumba ile haikuwa na nafasi ya bibi wawili wanaojua.

Aliweka begi chini, akauona mlango wa sebule uko mahali pake.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna. Nilipata nafasi."

"Miaka miwili ulikuwa huna nafasi, umeipata nilipoondoka." Alivua viatu. Hakuomba maji. Aliingia, akapiga magoti penye kona ya dirisha, akaanza. Alinusa ukuta hadi ukuta kama alivyosema, akihamisha magoti, kiganja kimoja kikipapasa mbele. Alivuta kochi akanusa nyuma yake. Mzee Futi alisimama mlangoni, na kila mke wake alipokaribia kabati alijikuta anahesabu: futi sita, futi nne. Alifika miguuni pa kabati, akanusa, akainuka akijishika kiuno.

"Kuna siki," alisema.

"Siki ipo."

"Lakini mkojo haupo." Alimtazama kwa mashaka ya mtu aliyeambiwa ukweli na mtu asiyezoea kuusema. "Umefanyaje?"

Mzee Futi alikuwa na majibu matatu tayari, na la pili lilikuwa na mganga ndani yake. Hakupata kuchagua. Meneja aliamka jikoni, akajinyoosha, akaelekea mlango wa uani na kusimama hapo akiwatazama. Mke akamfungulia, akatoka naye. Mbwa alikwenda moja kwa moja nyuma ya kamba ya nguo, akaweka mguu mmoja wa mbele juu ya kitu kidogo chekundu, akachuchumaa kwenye udongo.

Mke alisubiri amalize. Kisha akainama, akakiokota kile kitu kwa vidole viwili, akakigeuza. Rangi ya damu ya mzee. Aliyapitisha macho nyumbani, ukutani, kwa mume wake.

"Hiki kimetoka wapi?"

"Kulikuwa na upepo juzi," Mzee Futi alianza, "upepo ambao..." Akasimama. Mke wake alikuwa anangoja kwa utulivu, tayari kusahihisha. "Kimetoka chini ya kabati," akasema.

"Kiasi gani?"

"Futi tatu kwa mbili."

"Za kweli au zako?"

"Za kweli."

"Ondoa kabati."

Vyombo vikatolewa tena. Mkunga, upande wa pili wa ukuta, alisikika akiingia ndani na kufunga mlango wake. Kabati liliposogea mke alisimama mbele ya ule mstatili wa saruji, mikono nyuma, kama watu wanavyosimama kwenye kaburi la mtu wasiyemfahamu sana. Mzee Futi alimweleza yote, ghala, ramani, kibofu, vidole vitatu vitatu. Alieleza kwa kifupi. Hapakuwa na mahali pa kuongeza.

"Umekata bila mkono kutetemeka," mke alisema.

"Ulitetemeka. Nilitumia rula ya chuma."

"Kwa nini hukuniuliza kwenye simu?"

"Ungekataa."

"Ningekataa."

"Na mimi ningekata."

Mke alitikisa kichwa taratibu. Meneja alikuwa ameketi kizingitini, nje ya zulia, ambako alikuwa amejizoesha kuketi.

"Miaka thelathini na minane," mke alisema, "vipande vimejaa stoo. Thelathini na kitu. Hukuwahi kunikatia hata kimoja nikaweka pembeni mwa kitanda, nikiamka nisikanyage baridi. Huyu amekaa mwezi."

Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililomnyima Mzee Futi cha kushika. Alitafuta kisa. Alibaki amesimama na futi kamba mkononi, akiivuta kidogo na kuiachia irudi, hadi mke wake akamwambia aache kelele.

"Nilisema doa la maji," alisema hatimaye. "Kisu sikukitaja, kwa sababu nilidhani nimeolewa na fundi. Mbwa abaki. Wa kurudishwa ghalani ni wewe."

"Ghalani wanauza vigae siku hizi."

"Una bahati."

Kabati halikurudi mahali pake. Mke aliamuru lihamie ukuta wa pili, na ule mstatili ubaki wazi, kila atakayeingia auone na aulize. Wakiuliza, Mzee Futi atajibu, futi tatu kwa mbili, kwa nini na kwa kisu gani, na yeye atakuwa amekaa hapo akisikiliza kama idadi imebadilika. Wageni wa kwanza walikuja Jumapili. Aliwaeleza. Walicheka kuliko walivyowahi kucheka kwa ajili ya bosi, jambo lililomchanganya kidogo.

Jumanne alfajiri alikata kipande kikabaki na ukubwa wa stempu. Meneja alipofika alikinusa, akakipita. Akatembea hadi kwenye udongo mtupu karibu na ukuta wa Mkunga, akashusha pua, akaanza kujizungusha. Mzee Futi alisimama na nyama kiganjani. Nyuma yake mlango ulifunguka na ndala zikaburuzika, mke wake akaja kusimama kando akiwa na brashi ya zulia mkononi.

"Ameshafanya?" akanong'ona.

"Bado."

"Basi usimwangalie hivyo. Hata mimi nisingeweza."

Wakageuka wote wawili kuangalia kuku.